Nani atamchukua mbwa mwenye ugonjwa wa moyo?

SWALI: Daktari, naishi Jinja. Mwaka jana nilimwokota mbwa jike karibu na soko, amekonda, kupe wamejaa masikioni. Nikamwita Sukari. Amenenepa kiasi na ana tabia nzuri. Juzi nilimpeleka kuchanjwa, daktari akamkadiria miaka minne kwa kumtazama meno, akamsikiliza kifua, akasema ana moyo mbovu. Mume wangu amehamishiwa Mbarara na nyumba tuliyopata mwenyewe hataki mbwa. Watu watatu walikuja kumwona, wote waliposikia habari ya moyo wakaaga. Dada yangu ananiambia ninyamaze, nimtoe tu. Rafiki yangu anasema ni huruma zaidi apigwe sindano alale. Nifanyeje?

JIBU: Dada, pole kwa pilikapilika za kuhama. Nianze na hayo mawili ya mwisho maana ndiyo yanayokunyima usingizi. Sindano, hapana, si sasa. Mbwa anayekula, anayelala kwa ubavu bila shida na kukukimbilia getini hana sababu ya kufa wiki hii. Kunyamaza nako hapana, na nitakueleza kwa nini huko mbele. Ila hao watu watatu siwalaumu. Umewaambia "ana moyo mbovu", na hata mimi nikiambiwa hivyo sijui napewa mbwa wa namna gani: wa kuishi naye miaka minane, au wa kumzika kabla ya Pasaka.

Kwa hiyo tangazo lisimame kwanza. Kuna kazi ya kabla ya hapo ambayo haijafanyika.

Daktari wako alisikia sauti ya ziada kati ya mapigo, mvumo kama wa upepo unaopita kwenye upenyo. Sisi huupa daraja kuanzia 1 hadi 6: 1 unasikika kwa shida katika chumba kimya, 6 unausikia hata stetoskopu ikiwa haijagusa ngozi. Muulize alisikia daraja la ngapi na upande gani wa kifua. Kama hakuandika, mwombe amsikilize tena. Mvumo ni dalili tu, bado si jina la ugonjwa. Maana yake damu inapita mahali fulani kwa msukosuko, na sababu ni nyingi.

Kwa mbwa aliyeokotwa sokoni na kupe masikioni, sababu ninayoishuku kwanza wala si moyo. Ni upungufu wa damu. Kupe wa kwetu hubeba vijidudu vya Babesia na Ehrlichia, viroboto hunyonya, minyoo ya safura hunyonya tumboni, na mbwa anabaki na damu nyepesi kama maji. Damu nyepesi hupita moyoni kwa kasi na hufanya mvumo hata kama vali zote, yaani milango ya moyo, ni nzima. Inua mdomo wa juu wa Sukari leo jioni kwenye mwanga mzuri, utazame fizi. Zikiwa za waridi, vizuri. Zikiwa nyeupe au za kijivu, mrudishe kwa daktari kesho. Hata zikiwa za waridi, apimwe wingi wa damu; kwa mbwa mzima chembe nyekundu huwa kati ya asilimia 37 na 55 hivi. Ikiwa iko chini sana, damu itazamwe kwa hadubini, atibiwe homa ya kupe na minyoo, kisha asikilizwe tena baada ya wiki kadhaa. Nimeona mivumo mingi ikipotea kwa njia hiyo, na mbwa aliyekuwa "mgonjwa wa moyo" akageuka kuwa mbwa tu.

Umri wake pia unanifanya nisite. Ugonjwa wa moyo unaowapata mbwa wengi zaidi ni kuchakaa kwa vali ya kushoto, ile iitwayo mitrali, na huo hupenda mbwa wadogo wa umbo waliokwishazeeka. Mbwa wa kienyeji wa miaka minne mwenye umbo la kati si mteja wake wa kawaida. Anaweza kuwa nao, lakini nisingemhukumu kabla ya damu kupimwa. Papo hapo aombewe kipimo cha minyoo ya moyo, ambayo huenezwa na mbu, na Jinja hamna upungufu wa mbu. Na mpaka kipimo hicho kijibu, asichomwe dawa ya minyoo ya ng'ombe aina ya ivamektini ambayo kila duka la dawa za mifugo linayo: kama minyoo ya moyo ipo na vitoto vyake vimejaa kwenye damu, dawa hiyo inaweza kumletea mshtuko.

Damu ikiwa sawa na mvumo bado upo, hapo sasa tuutazame moyo wenyewe. Anahitaji eksirei ya kifua na, ikiwezekana, ultrasaundi ya moyo. Muulize daktari wako wa hapo Jinja ni wapi anakopeleka wagonjwa wa namna hii. Kampala ni kilomita 80 hivi, na Makerere, kwenye chuo cha tiba ya mifugo, kuna kliniki ya wanyama wadogo. Ondokeni alfajiri kabla ya jua, na akae mnapokaa nyinyi, asifungiwe kwenye buti ya gari.

Tuseme imeonekana ni vali inayovuja. Vali inayovuja ni mlango usiofunga vizuri: kila pigo, damu kidogo inarudi ilikotoka. Swali linalobaki ni je, moyo umeshaanza kupanuka kwa sababu ya kazi hiyo ya ziada? Hilo ndilo linalomgawa mbwa anayeweza kwenda kwa mtu yeyote mwenye akili na mbwa anayehitaji mtu maalumu.

Kama moyo haujapanuka, hatupi dawa yoyote. Anasikilizwa kila baada ya miezi sita au mwaka, basi. Wengi wa hawa huzeeka na kufa kwa jambo jingine kabisa. Kama umepanuka lakini bado hakohoi wala hahemi, ipo dawa iitwayo pimobendani. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2016, wa mbwa 360 wa hali hiyo, ulionyesha kwamba waliopewa dawa hii walichelewa kuingia kwenye kushindwa kwa moyo kwa takriban miezi 15 kuliko wasiopewa. Hupewa mara mbili kwa siku, vizuri zaidi saa moja hivi kabla ya chakula. Ubaya wake ni bei, na kwamba haipatikani kila duka; hupaswi kumkabidhi mtu mbwa wa dawa hii kabla hujajua itanunuliwa wapi. Hatua ya tatu ni mbwa ambaye maji yameshaanza kujaa mapafuni. Huyo huongezewa furosemidi, dawa ya kukojoza, ambayo ni rahisi na ipo kwenye maduka ya dawa ya binadamu, ingawa kipimo chake lazima kitoke kwa daktari. Wa hatua hii wengi huhesabiwa kwa miezi, wachache hufika mwaka na zaidi. Anaweza kupata nyumba, ila atakayemchukua ajue anachukua safari fupi.

Sasa hapo ndipo utakapoona kwa nini kunyamaza hakufai. Dada yako hafikiri vibaya, anafikiri kuhusu siku ya kumkabidhi tu. Mimi nafikiri kuhusu usiku wa miezi mitatu baadaye, Sukari anapoanza kuhema. Mwenyeji wake mpya asiyejua atadhani ni mafua. Ataita mtu wa dawa za mifugo wa jirani, na matibabu ya kwanza ya mbwa mnyonge huko mitaani tunayajua: dripu na sindano ya deksamethasoni, dawa ya steroidi. Dripu ya haraka kwa mbwa mwenye moyo unaoshindwa ni kumzamisha mapafu akiwa nchi kavu. Au atampa dawa ya maumivu ya binadamu, dikilofenaki au ibuprofeni, ambazo huharibu figo za mbwa hata akiwa mzima, sembuse akiwa kwenye furosemidi. Au, kwa kuwa mbwa wa furosemidi hunywa sana na kukojoa sana, mwenyeji atachoka kupiga deki na kumwondolea bakuli la maji. Nimemwona mbwa wa namna hiyo akiletwa mezani amekauka ngozi, na mwenyewe akijisifu kwamba ameshamfundisha usafi. Hakuwa mtu mkatili. Hakuna aliyemwambia, na yote haya yanazuilika kwa karatasi moja.

Kuhusu aina ya mtu wa kumtafuta, hapa najua nitawaudhi baadhi ya wapenda wanyama. Usitafute mtu mwenye huruma. Tafuta mtu mwenye ratiba. Anayetokwa na machozi akimwona mbwa mara ya kwanza mara nyingi ndiye anayesahau dawa ya jioni. Namtaka mama mstaafu anayekunywa chai saa ile ile kila siku, fundi cherehani anayeshonea barazani kwake, mwalimu anayekaa ndani ya shule, mzee ambaye naye anameza vidonge vya presha asubuhi na jioni. Huyo wa mwisho nampenda kupita wote: cha kwake na cha mbwa vinakaa kwenye kopo moja la kukumbushia, na haogopi neno "moyo" kwa sababu anaishi nalo.

Wengi watakaokujia watakuwa wanataka mbwa wa geti. Hiyo ndiyo Uganda yetu: mbwa hufungiwa kibandani mchana kutwa, usiku anaachiwa. Sukari anaweza kubweka mgeni akija, lakini si wa kukimbiza wezi kuzunguka ua, wala si wa kukaa kwenye kibanda cha mabati saa nane za mchana. Mtu akikuuliza swali la kwanza "ni mkali?", mshukuru umruhusu aende. Vilevile nyumba yenye mbwa wakubwa wanaogombania chakula, au watoto wanaompigisha mbio na mpira tangu asubuhi. Baadhi ya jamaa zako Waislamu watakuambia hawawezi kumweka ndani; usibishane nao, ni utaratibu wa dini yao, ila usiwafute pia. Nyumba yenye ua wenye kivuli na mtu anayeshinda nyumbani inamfaa hata akilala nje.

Ukisikia kwamba Waganda hawachukui mbwa kwa ajili ya kukaa naye tu, kumbuka Gulu. Kule upo mradi unaowaunganisha watu walioumizwa na vita vya kaskazini na mbwa waliokuwa hawana wenyewe, na watu hao hujifunza pamoja na mbwa wao. Watu wapo. Hawaonekani kwa sababu matangazo yetu yanaandikwa kwa ajili ya watafuta walinzi au kwa ajili ya kuliza watu.

Tangazo lako, basi, majibu yakishatoka, na tuseme moyo haujapanuka, lingesomeka hivi:

"Sukari, mbwa jike, miaka kama 4, kilo 14, kahawia mwenye kifua cheupe. Amechanjwa kichaa cha mbwa, cheti kipo. Vali ya moyo wake inavuja kidogo. Amepigwa picha, moyo haujapanuka, hatumii dawa, anatakiwa kusikilizwa kila baada ya miezi 6. Anatembea nusu saa asubuhi bila kuchoka. Hubweka mgeni akifika, kisha hunyamaza. Anaogopa bodaboda. Akiona kuku wa jirani anawakimbiza. Anatafuta nyumba yenye mtu mchana."

Angalia lilivyo. Moyo upo katikati, haukufichwa wala haukuwekwa kuwa kichwa cha habari. Kuku wametajwa. Mtu akisoma kuhusu kuku anaamini na mengine yote. Picha iwe moja ambayo amesimama, na usiweke ile ya siku uliyomwokota akiwa mifupa. Hiyo inaita machozi, na machozi nimeshakuambia. Libandike kwa daktari wako, lipeleke kanisani, kwenye chama cha akina mama, shuleni. Kampala kuna kituo cha USPCA, shirika la kulinda wanyama, kiitwacho The Haven. Wapigie wakusaidie kusambaza na kuwachuja watu, lakini nisingependa Sukari akaishi kituoni, popote kilipo. Makelele ya mbwa wengi kutwa nzima hayamfai mwenye moyo.

Anayevutiwa aje mara mbili kabla hujasema ndiyo. Mara ya pili mfundishe kuhesabu pumzi, kwa sababu hicho ndicho kipimo pekee atakachokuwa nacho nyumbani na hakigharimu kitu. Mbwa akiwa usingizini kabisa, si anapoota na kurusha miguu, kaeni karibu naye na simu yenye saa. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabuni sekunde 30, mzidishe mara mbili. Mbwa mtulivu yuko chini ya 30 kwa dakika, wengi huwa kati ya 15 na 25. Aandike namba hiyo mara mbili tatu kwa wiki kwenye daftari au kwenye kalenda ya ukutani. Ikipanda na kubaki juu ya 30, ampigie daktari siku hiyo hiyo, kabla mbwa hajaanza kukohoa. Mtu atakayekaa nawe sakafuni akahesabu bila kuona aibu, huyo umempata. Akicheka na kusema "mbwa ahesabiwe pumzi?", umejibiwa pia.

Chakula ni jambo dogo lenye mtego mmoja, nao ni chumvi. Posho (ugali) na mukene (dagaa) ni chakula cha mbwa wetu na sina ugomvi nacho, lakini mukene mwingine hukaushwa kwa chumvi, na mabaki ya mchuzi wa mezani yana chumvi na viungo. Mukene wasio na chumvi, waoshwe, wachemshwe na posho, mboga kidogo, nyama au yai siku zinapopatikana. Asinenepe. Kila kilo isiyo ya lazima ni kazi ya ziada kwa moyo.

La kufunga kizazi hukuuliza, lakini ni zito kwa mbwa jike. Asipofungwa, joto likija madume wa mtaa mzima watalala getini kwa mwenyeji wake mpya, na mimba kwa mbwa mwenye moyo unaovuja si mchezo: damu inaongezeka, kazi inaongezeka. Tena baadhi ya magonjwa ya moyo hurithiwa. Kwa upande mwingine, usingizi wa upasuaji nao una hatari zake. Kama moyo haujapanuka na damu yake imerudi sawa, madaktari wengi watakubali kumfanyia, wakijua hali yake mapema na kubana maji ya dripu. Kama umepanuka, aamue daktari aliyeiona picha. Afanyiwe mikononi mwako, kabla ya kuhama. Ukimwachia mwenyeji mpya "atamfanyia baadaye", hatafanyiwa.

Siku ya kukabidhi, andikeni. Ukurasa mmoja: majina ya nyinyi wawili, hali ya moyo kama daktari alivyoiandika, dawa na saa zake kama zipo, namba ya pumzi ya kawaida ya Sukari, orodha ya yale asiyopewa (dripu ya haraka, deksamethasoni, dawa za maumivu za binadamu) na sharti kwamba akishindwa kukaa naye asimpe mtu mwingine wala kumwachia njiani, akupigie wewe kwanza. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa wenu, aweke sahihi na muhuri. Utaniambia ni mbwa tu. Lakini unajua mwenyewe uzito wa muhuri wa LC hapa kwetu. Mtu aliyetia sahihi mbele ya mwenyekiti hamfungulii mbwa geti usiku kimyakimya. Nakala nyingine ibaki kwa daktari. Kisha wiki mbili za kujaribu, ukiwa bado Jinja.

Fedha: usimwahidi mwenyeji kwamba utamtumia hela ya dawa kila mwezi kutoka Mbarara. Utaanza vizuri, ada za shule zitaingia, utachelewa, na atakayelipia ucheleweshaji ni mbwa. Lipia vipimo vyote sasa, na kama anatumia dawa, mkabidhi akiwa na za miezi miwili au mitatu mkononi. Baada ya hapo ziwe za mwenyeji, na mwulize waziwazi mapema kama anazimudu. Mtu akikuambia hazimudu amekufanyia wema.

Kama uhamisho ni ndani ya mwezi huu, haya yote hayatawahi. Tafuta mlezi wa muda, jirani au mwenzako kazini, wa kukaa naye miezi miwili kwa chakula unachonunua wewe, huku tangazo likiendelea. Habari ya sindano irudi mezani siku pumzi zake zitakapokuwa hazishuki hata kwa dawa, halali kwa ubavu, anakaa ameinua kichwa usiku kucha kutafuta hewa, na chakula hakitaki. Hapo nitakuwa wa kwanza kukuambia mwache aende, na nitataka uwepo wewe au yule mwenyeji aliyemzoea. Hajafika huko.

Damu ikipimwa, niandikie namba zenyewe zilizo kwenye karatasi, pamoja na daraja la mvumo. "Daktari amesema ni sawa" haitanisaidia kukujibu.